Kilichopakwa, kilichoota na kilichochongwa: ngozi ipi ya titani haibanduki mwilini?

Mama mdogo alifungua fundo la khanga akatoa kifuko cha plastiki. Ndani mlikuwa na bamba moja na skrubu sita, vilivyotolewa kwenye mkono wa mwanawe baada ya mfupa kuunga. Skrubu nne zilikuwa za rangi ya dhahabu, mbili za buluu. Akanionyesha kichwa cha moja: pale bisibisi ilipouma, rangi ilikuwa imetoka na kijivu cha chuma kinaonekana.

"Rangi imebanduka, mwanangu. Sasa hiyo iliyobanduka iko wapi? Imo mwilini mwa mdogo wako?"

Tulikuwa barazani kwake Mikindani, na najua hakuuliza kwa ajili ya mkono tu. Baba mdogo, mwenye miaka 71, alikuwa ameteleza akipogoa mikorosho na kuvunjika shingo ya paja. Daktari alikuwa amewaeleza habari za nyonga bandia: ipo ya kushikiza kwa saruji, ipo iliyopakwa tabaka, ipo isiyopakwa kitu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Mtwara, na chuoni nilisoma mambo ya metali, kwa hiyo familia ilinitazama mimi. Yafuatayo ni yale niliyomweleza, pamoja na yale ambayo ningemweleza kama jua lisingezama.

Neno moja kwanza. Vitabu huita vyuma hivi vipandikizi, lakini kwetu ukisema kipandikizi akina mama wanafikiria kijiti cha uzazi wa mpango. Nitasema chuma, kama watu wanavyosema: fulani kawekewa chuma.

Rangi ya skrubu si rangi

Titani ina ngozi yake ya kuzaliwa. Hewa ikiigusa tu, juu yake hujiotea oksaidi yenye unene wa nanomita chache, na ngozi hiyo ndiyo inayofanya titani isishike kutu hata ndani ya damu yenye chumvi. Unywele wa kichwani una unene wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo usitegemee kuiona. Lakini chuma hicho kikitumbukizwa kwenye maji yenye kemikali na kuunganishwa na upande chanya wa umeme, ngozi hunenepa hadi kufika makumi ya nanomita, au mia na kitu. Mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, jicho likaona dhahabu, buluu au zambarau kulingana na unene. Ni rangi zilezile zinazocheza tone la mafuta likitandaa juu ya dimbwi la mvua. Watengenezaji huzitumia ili daktari atofautishe saizi haraka.

Kilichotoka kwenye skrubu ya mdogo wangu ni oksaidi kidogo mno, ya titani yenyewe, iliyokwaruzwa na bisibisi. Pale kijivu kilipoonekana, ngozi mpya ilishajiotea. Mama mdogo akakubali, ila hakuishia hapo. "Na hiyo ya baba yako mdogo, nayo ni ngozi yake au kimepakwa?"

Hilo ndilo swali ninalotaka kila anayechagua aanze nalo. Watu wengi, hata wenzangu wa kazini, huanza na namba: tabaka lipi lina mshiko mkubwa zaidi? Mimi naona swali la kwanza ni mshiko huo umetoka wapi. Kilichopakwa kiliwekwa juu kutoka nje, kama chokaa kwenye kuta zetu za mawe ya matumbawe. Kilichoota kimetoka kwenye chuma chenyewe, kama gome la mkorosho. Kilichochongwa hakina tabaka kabisa: ni chuma kilichoparuzwa mpaka kikawa na mashimo, mfupa ukapata pa kuingiza vidole vyake. Vitu hivi vitatu huachia kwa njia tofauti.

Kilichopakwa kwa mwali wa plazima

Hiki ni kikongwe na kinatumika sana kwenye nyonga zisizo za saruji, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Kinachopakwa ni haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosforasi yanayofanana sana na yale ya mfupa wetu, kalsiamu ikiwa 1.67 kwa kila fosforasi moja. Unga wake hupulizwa ndani ya mwali wa plazima, yaani gesi iliyopashwa moto kwa umeme, wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Chembe zinaanza kuyeyuka zikiwa njiani, zinapiga kwenye titani, zinabandika kama matone ya uji yaliyorukia ukutani, kisha zinaganda. Tone juu ya tone, hadi tabaka lifike maikromita 50 au hata 200 (maikromita moja ni nanomita 1,000).

Mshiko wake, kwa sehemu kubwa, ni wa kukumbatia. Kabla ya kupaka, titani hupigwa mchanga mkali ili iwe na mabonde, na matone huingia humo. Fundi mwashi wa Mikindani anajua habari hii bila kusomeshwa: chokaa inakaa miaka na miaka kwenye jiwe la tumbawe lenye vitundu, lakini ukiipaka juu ya saruji iliyosakafiwa laini, mvua mbili tu zinaibambua.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, haidroksiapatiti hupanuka kwa joto zaidi kuliko titani, karibu mara moja na nusu. Vyote viwili vikipoa baada ya kupakwa, tabaka linataka kusinyaa zaidi ya chuma, chuma hakiliruhusu, basi linabaki limevutika siku zote. Kadiri lilivyo nene ndivyo mvuto huo ulivyo mkubwa, na ufa ukianza una nguvu ya kuusukuma. Pili, joto lile kali hubadilisha sehemu ya madini kuwa kama kioo, na sehemu hiyo huyeyuka upesi zaidi kwenye majimaji ya mwili. Kwa hiyo mshiko uliopimwa tabaka likiwa kavu maabara si ule utakaokuwepo baada ya miezi sita ya kuloweka kwenye nyuzi 37.

Kiwango cha kimataifa, ISO 13779 sehemu ya 2, kinataka tabaka kama hili lisiachie chini ya megapaskali 15. Ili uione namba hiyo, tazama ukucha wa kidole chako gumba, ambao ni kama sentimita moja ya mraba. Tabaka lenye ukubwa huo, likivutwa moja kwa moja, linatakiwa libebe zaidi kidogo ya kilo 150 kabla ya kung'oka. Ni karibu magunia mawili ya korosho ghafi yakining'inia kwenye ukucha.

Je, linatosha? Kwa nyonga, historia inasema ndiyo, likipakwa vizuri. Daktari Ronald Furlong alianza kuweka mashina ya namna hii (shina ni ile sehemu ya nyonga bandia inayoingia ndani ya mfupa wa paja) London mwaka 1985, Rudolph Geesink akafuata Uholanzi mwaka 1986, na leo kuna watu waliotembelea nyonga hizo miongo mingi. Sababu ni kwamba mfupa huwahi kukua na kushika kabla tabaka halijalika, na chini ya tabaka kuna chuma kilichoparuzwa kinachopokea kazi. Tabaka ni posa, ndoa yenyewe ni mfupa na chuma. Anayekwambia haidroksiapatiti lazima ibanduke, hajatazama kumbukumbu.

Kwenye meno hadithi ni nyingine. Skrubu za jino zilizopakwa kwa plazima zilisifiwa sana miaka ya 1980, halafu zikapoteza jina, kwa kuwa pale kwenye ufizi bakteria hawalali, na tabaka likianza kulika au kupasuka wanapata pango la kujificha. Na likibanduka kwenye nyonga, chembe zake ngumu zinaweza kuingia kati ya kichwa cha nyonga na bakuli lake la plastiki na kusaga kama mchanga kwenye fani ya baiskeli. Kwa hiyo swali la mama mdogo lilikuwa swali sahihi kabisa.

Kilichoota: mirija ya nano

Hapa ndipo utafiti ulipojazana, na ndipo ninapotaka msomaji awe makini zaidi.

Mwaka 1999 V. Zwilling na wenzake walionyesha kwamba titani ikiwekwa kwenye umeme ndani ya kimiminika chenye floraidi, ngozi yake haibaki bapa. Floraidi inaila na kuitoboa huku umeme unaikuza, na mwisho juu ya chuma husimama mirija midogo iliyopangana kama masega ya nyuki, kila mmoja ukiwa na upana wa nanomita 15 hadi 100 na zaidi, kutegemea volti. Seli za mwili huitambua sura hii. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2007 kwamba seli shina zilishika na kukua vizuri kwenye mirija ya nanomita 15, na zikadhoofika sana kwenye ile ya 100. Mrija pia unaweza kujazwa dawa ya kuua vijidudu. Ukisoma habari hizi unatamani kesho asubuhi ziwe wodini.

Lakini je, inashika? Nikiwa chuoni niliotesha mirija mirefu kwenye bati jembamba la titani: ethilini glaikoli, floraidi ya amoniamu kidogo, maji kidogo, volti 60, saa tatu. Ilitoka safi, rangi ya majivu yenye kung'aa. Nikaisuuza kwa maji, nikaikausha kwa hewa ya moto. Nikiwa bado nimeishika kwa koleo, ukingo mmoja ulijikunja juu, kisha safu nzima ikaachia na kuanguka mezani. Chukua korosho iliyokaangwa, sugua ile ngozi nyembamba ya kahawia kati ya kidole gumba na cha shahada. Inavyotoka bila ubishi, ndivyo safu ile ilivyotoka. Wiki mbili za kazi.

Nilipotafuta sababu nilielewa kwamba kuota peke yake hakutoshi. Floraidi hupenya oksaidi haraka kuliko oksijeni, ikafika chini na kujikusanya pale mirija inapokutana na chuma. Pale panakuwa na utando mwembamba wenye floraidi nyingi, dhaifu na mwepesi kuyeyuka. Mirija imeota kutoka kwenye chuma, kweli, lakini imesimama juu ya matope. Na maji yanapokauka kati ya mirija huivuta ikumbatiane, kama nywele zilizolowa zinavyoshikana vifungu vifungu, mvuto ule ukaivunja miguuni.

Safari ya pili nilitumia maji yenye asidi ya fosforasi na floraidi kidogo, volti 20, muda mfupi. Mirija ikawa mifupi, haikufika hata maikromita moja. Nikaisuuza kwa spiriti badala ya maji, nikaiacha ikauke polepole, kisha nikaiingiza kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa saa moja. Joto hilo hufukuza sehemu kubwa ya floraidi na kuigeuza oksaidi kuwa fuwele aina ya anatasi. Nilibandika solatepu, nikasugua kwa ukucha, nikavuta kwa mkupuo. Solatepu ilitoka nyeupe.

Kwa hiyo ukilinganisha mirija na plazima, usilinganishe majina. Linganisha mrija mfupi uliochomwa na mrefu mbichi: hizo ni bidhaa mbili. Ripoti ikisema mirija ya nano bila kutaja urefu wala joto la tanuri, haijasema kitu cha kukusaidia kuchagua. Na kushinda solatepu bado si kushinda nyundo. Shina la nyonga hupigwa kwa nyundo ndani ya mfupa, likisuguana na kuta zake njia nzima. Mirija mitupu, yenye kuta za nanomita kumi hivi, inaweza kusagika palepale hata kama haikung'oka. Skrubu ya jino nayo huingia kwenye tundu dogo kuliko yenyewe, ikikwaruzwa kila uzi unapozunguka. Kwa sasa, kwa kazi ya kubeba mzigo mkubwa, nisingemchagulia ndugu yangu mirija mirefu.

Kilichoota kwa cheche

Ongeza volti hadi 200, 300, hata 500, na ndani ya kimiminika cheche ndogo zinaanza kurukaruka juu ya chuma, maelfu kwa maelfu. Kila cheche inayeyusha tone la oksaidi na kuligandisha tena. Ngozi inayotoka ni ngumu, ina unene wa maikromita kadhaa, na ina vitundu kama jiwe la pumisi. Ukitia kalsiamu na fosforasi kwenye kimiminika, nazo zinaingia ndani ya ngozi.

Ukiweka ngozi hii kando ya ile ya plazima, tofauti iko kwenye mpaka. Kwenye plazima kuna mstari: huku chuma, kule madini. Kwenye cheche oksaidi imechimbukia ndani ya chuma na kutoka nje kwa pamoja, na ukivuta kwa gundi mara nyingi gundi ndiyo inayoachia kwanza. Ubaya wake ni kwamba ngozi nene ya oksaidi haipindi, na chuma kinachopinda kila hatua kinaweza kupata nyufa zinazoanzia kwenye vitundu hivyo na kuingia ndani. Kwa skrubu ya jino, ambayo haipindi sana, naiona ni njia nzuri. Kwa shina jembamba la mtu mzito, ningeuliza kwanza matokeo ya kuchoka kwa chuma, yaani kinavyostahimili kupindwa mara nyingi, ndipo niulize mshiko.

Kostiki na tanuri: njia ninayoipenda

Mwaka 1996 Tadashi Kokubo na wenzake wa Kyoto walifanya jambo lililo jepesi hata kulisimulia. Walichukua titani, wakailoweka kwenye kostiki, yaani hidroksaidi ya sodiamu ileile wanayotumia akina mama watengeneza sabuni, ya moli 5 kwa lita, nyuzi 60, saa 24. Wakaisuuza, wakaichoma nyuzi 600 kwa saa moja. Juu ya titani kunabaki wavu mwembamba, kama maikromita moja, wa titani, oksijeni na sodiamu, wenye nyuzinyuzi za ukubwa wa nano. Chuma hicho kikiingia kwenye majimaji yanayofanana na ya damu, madini ya mfupa yanaota juu yake yenyewe. Huhitaji kuyapaka, mwili unayaleta.

Mshiko wake unatokana na kukosekana kwa mpaka. Oksijeni ni nyingi juu na inapungua polepole kadiri unavyoshuka hadi ukakuta chuma kitupu. Ni kama bahari ya Msimbati inavyohama kutoka kijani hadi buluu nzito: huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndipo. Ufa hupenda mpaka, na hapa hauupati. Kuchoma ndiko kunakokamilisha: bila tanuri wavu huo ni laini, unafutika kwa kidole. Japani nyonga zilizotengenezwa kwa njia hii zimewekwa kwa wagonjwa tangu mwaka 2007.

Kwa mwanafunzi wa Mtwara au Lindi anayetafuta mradi, namwambia aanzie hapa na siyo kwenye mirija. Anahitaji kostiki, chombo cha plastiki kinachovumilia joto, na tanuri dogo kama lile la mafundi wa meno bandia. Njia ya mirija inadai floraidi, na floraidi yenye asidi hupenya ngozi bila kuuma mara moja na kula kalsiamu ya mwili. Maabara isiyo na jeli ya kalsiamu na msimamizi anayeijua isiiguse. Kostiki nayo inapofusha: miwani na glavu, kila mara. Na sampuli hizo ni za kusomea, haziingii kwa mtu.

Nyingine kwa haraka

Kuchovya kwenye jeli ya kemikali na kuchoma hutoa tabaka zuri likiwa chini ya maikromita moja. Likinenepa linapasuka vipande kama tope la mabwawa ya chumvi ya Lindi kiangazi kikikaza, na vipande hivyo ndivyo vinavyoanza kujikunja. Kurushia haidroksiapatiti ndani ya ombwe, chembe kwa chembe, kunatoa utando wa kama maikromita moja wenye mshiko mzuri sana, ila mashine ni ghali, kazi ni ya polepole, na pembe zilizojificha hazifikiwi. Kusukuma chembe kwa umeme ndani ya kimiminika ni rahisi na kunafika kila pembe, lakini chembe zinakuwa zimelala tu juu ya chuma hadi zichomwe kwa joto kubwa, na joto kubwa lina madhara yake kwa titani.

Ipo pia gundi ya kome. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitumia dopamini, kemikali yenye kishikio kama kile kome anachokitumia kung'ang'ania mwambani mawimbi yakipiga, wakapata utando unaonata karibu kila kitu kikiwa majini. Hutumika kuwa kati ya titani na kitosani, ile inayotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa. Hufaa kubeba dawa kwa wiki chache. Kubeba uzito hapana.

Kabla ya kuamini namba

Karatasi za wauzaji hupenda kuandika megapaskali kwa herufi nene. Uliza zimepimwaje. Jaribio la kawaida ni kugundisha kishikizo juu ya tabaka kwa gundi kali ya epoksi na kuvuta hadi kitu kiachie. Lakini tabaka likiwa jembamba na lenye vitundu, epoksi inapenya hadi kwenye chuma, na unachokipima ni epoksi. Nimeona tabaka dhaifu likipewa alama kubwa kwa njia hiyo. Ndiyo maana picha ya mahali palipoachia ina thamani kuliko namba: je, tabaka limeng'oka lote chuma kikabaki kitupu, limekatika katikati, au ni gundi tu iliyokubali?

Jaribio la kukwaruza kwa ncha ya almasi huongeza uzito taratibu hadi tabaka likatike. Ni zuri kulinganisha sampuli za mezani kwako, lakini namba ya maabara moja usiiweke kando ya ya nyingine, kwa kuwa ncha, unene na ugumu wa chuma vyote vinaibadilisha. Solatepu, kwa alama 0 hadi 5, ni kichujio tu: ikifeli umemaliza, ikifaulu hujathibitisha kitu.

Halafu kumbuka maisha halisi. Mtu wa kilo 60 akitembea, nyonga yake hubeba kama mara mbili na nusu ya uzito wake, kilo 150, na mguu mmoja hupiga hatua kama milioni moja kwa mwaka. Mvuto mmoja mkubwa maabara hausemi mengi juu ya misukumo midogo milioni moja ndani ya unyevu. Tabaka lililolowekwa kwanza kwa wiki kadhaa ndipo likapimwa, hilo naliamini zaidi hata likiwa na namba ndogo.

Basi uchague nini

Kama ni bamba na skrubu za mkono au mguu zitakazotolewa baadaye, hutaki mfupa ung'ang'anie chuma. Chagua laini, isiyopakwa tabaka, ya rangi ya dhahabu au buluu kama zile za mdogo wangu. Chuma kilichoshikwa mno na mfupa humtesa daktari siku ya kukitoa, na mgonjwa zaidi.

Kama ni jino, ningechukua kilichochongwa: titani iliyopigwa mchanga kisha ikaliwa na asidi. Haina cha kubanduka, na kumbukumbu zake ni ndefu. Kilichoota kwa cheche kinafuata karibu sana. Kilichopakwa kinene kwa plazima, hapana.

Kama ni nyonga ya mtu wa miaka 50 mwenye mfupa imara, shina lililoparuzwa na kupakwa haidroksiapatiti kwa plazima ni chaguo lililothibitika, na mnunuzi wa hospitali adai cheti cha mshiko pamoja na picha za mahali palipoachia. Vifaa hivi husajiliwa na TMDA, mamlaka ya nchi ya dawa na vifaa tiba, hivyo aanze kwa kuuliza usajili. Na storini, tabaka hili lisisafishwe kwa brashi wala kurudishwa kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Pakiti ikifunguliwa bila kutumika, maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe hata kama yanasema kitupwe. Nimeshuhudia shina lililopakwa likisuguliwa kwa brashi kwa nia njema kabisa, na unga mweupe ukabaki kwenye sinki.

Baba mdogo hakuwa mtu wa miaka 50. Kwa mzee aliyevunjika shingo ya paja, mfupa umeshakuwa mwepesi, na kulipigilia shina humo kwa nyundo kunaweza kuupasua. Kwa watu wa namna yake madaktari wengi huchagua saruji. Si saruji ya kiwanda cha Dangote hapa kwetu, ni plastiki ya akriliki: unga na maji yake vinachanganywa mezani pa upasuaji na kuganda ndani ya robo saa hivi. Na shina la saruji kwa kawaida hata si titani. Ni chuma cha pua au aloi ya kobalti, mara nyingi limeng'arishwa kama kioo.

"Kwa hiyo halina rangi?" mama mdogo aliuliza.

"Halina mama. Halina tabaka lolote."

Aliketi kimya kidogo, kisha akasema angemuuliza daktari mwenyewe. Daktari akamwambia hivyohivyo, saruji, na akamwambia pia kwamba kila shina huja na vibandiko vyenye namba yake ya toleo: kimoja hubandikwa kwenye faili, kingine mgonjwa anaruhusiwa kukiomba. Alikiomba. Nilimwona akikibandika nyuma ya kadi ya kliniki ya baba mdogo, akakipitishia kidole mara mbili pembeni kuhakikisha kimeshika, akaitia kadi kwenye kifuko kimoja na zile skrubu sita, akafunga fundo.